Wanagenzi wa Sumo: Njia ya Kuingia Ulingoni Tangu Enzi za Edo

Hakuna kijana anayeingia sumo ya kulipwa kwa miguu yake peke yake. Lazima kwanza apokewe na heya, yaani nyumba ya wanamiereka inayoongozwa na mwanamiereka mstaafu aitwaye oyakata, na oyakata huyo ndiye anayempeleka kusajiliwa katika Chama cha Sumo cha Japani. Akishapokewa hana ruhusa ya kuhama kwa hiari yake. Atalala humo, atakula humo, na hata akija kuwa bingwa mkuu ataipigania nyumba hiyo hiyo mpaka siku atakapokatwa kishungi cha nywele na kustaafu. Utaratibu huu una zaidi ya karne mbili, na kwa sehemu kubwa historia yake ni historia ya njaa. Wavulana walikwenda kwenye sumo pale chakula kilipokuwa haba nyumbani, na kadiri Japani ilivyoshiba ndivyo wenye heya walivyolazimika kuwatafuta mbali zaidi.

Miereka yenyewe ni ya kale. Ilichezwa mbele ya wafalme na katika sherehe za mavuno karne nyingi kabla ya mtu yeyote kulipwa kwa ajili yake. Sumo ya kulipwa ilikomaa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, pale watu walipoanza kutozwa kiingilio ili zipatikane fedha za kukarabati mahekalu. Serikali ya shoguni ilichelea ghasia zilizofuatana na michezo hiyo, ikaipiga marufuku mara kadhaa. Mwaka 1684 ilitoa kibali cha mashindano katika hekalu la Tomioka Hachiman, mtaa wa Fukagawa, kwa wazee waliokubali kubeba dhamana ya nidhamu. Wazee hao ndio asili ya oyakata wa leo. Walikuwa wanamiereka wastaafu waliokusanya vijana, wakawalisha, wakawafundisha, kisha wakawapeleka ulingoni. Kuanzia 1833 mashindano ya Edo yalituama katika hekalu la Ekoin, mtaa wa Ryogoku, mara mbili kwa mwaka, na mpaka leo heya nyingi ziko karibu na hapo.

Vijana wenyewe walitoka mashambani. Anayejulikana kuliko wote ni Raiden Tameemon, mtoto wa mkulima aliyezaliwa 1767 katika jimbo la Shinano, ambalo sasa ni Nagano. Mwaka 1783 mlima Asama ulilipuka, majivu yakafunika mashamba ya eneo lile, na baa la njaa lililokuwa limekwisha kuanza nchini likazidi makali. Mwaka uliofuata Raiden, akiwa na miaka 17 na mwili usiokuwa wa kawaida, alichukuliwa na mzee wa sumo na kupelekwa Edo, akafundishwa na Tanikaze, bingwa mkubwa wa wakati huo. Baadaye aliwekwa chini ya ufadhili wa bwana wa jimbo la Matsue, na alipostaafu hesabu yake ilikuwa ushindi 254 na kushindwa mara 10 tu. Mabwana wa majimbo walipenda kujigamba kwa wanamiereka wao. Walio bora waliwapa posho ya mchele na hadhi iliyokaribia ya samurai, kiasi kwamba mtoto wa mkulima, ambaye kwa sheria za zama zile asingeweza kupanda tabaka, aliweza kuonekana barabarani akiwa na upanga kiunoni. Kwa wazazi masikini hilo lilikuwa jambo la kumtolea mtoto.

Ufadhili huo ulikatika ghafla. Mwaka 1871 serikali mpya ya mfalme Meiji ilifuta majimbo, na mabwana wake wakabaki bila hazina za kugharimia wanamiereka. Mwaka huo huo Wajapani waliruhusiwa na kuhimizwa kuacha vishungi na kunyoa Kizungu. Wanamiereka walibaki na vyao, lakini maofisa wengi wa kisasa waliwaona watu walio nusu uchi kuwa aibu mbele ya wageni. Wazee walihangaika kwa miaka zaidi ya kumi kabla mfalme mwenyewe kuhudhuria sumo mwaka 1884 na kuirudishia heshima. Mwaka 1909 ukajengwa ukumbi wa Kokugikan huko Ryogoku, na mchezo ukaacha kutegemea hali ya hewa. Chama cha sumo cha Tokyo kilipata hadhi ya kisheria mwaka 1925, na kile cha Osaka kikaungana nacho 1927. Tangu hapo mlango wa kuingilia sumo ya kulipwa umekuwa mmoja nchi nzima, na funguo zake zimo mikononi mwa oyakata.

Katika karne ya 20 oyakata walivua vijana kwa nyavu mbili. Wa kwanza ulikuwa ziara za mikoani. Baada ya mashindano makubwa wanamiereka husafiri mji hadi mji wakicheza maonyesho, na popote walipofika, mwalimu wa shule, polisi au shabiki mwenye duka alikuwa tayari kumnong’oneza oyakata kwamba kijiji fulani kina mvulana mwenye mapaja ya ajabu. Wavu wa pili ulikuwa ujamaa wa mahali, kwani bingwa aliyetoka Hokkaido au Aomori alirudi kwao kutafuta wa kumrithi. Mikoa hiyo ya kaskazini, yenye baridi kali, uvuvi na kilimo cha kubahatisha, ilitoa mabingwa wengi kuliko wingi wa watu wake ungetarajiwa kutoa. Ahadi zilizotolewa huko zilikuwa nyepesi sana: wali wa kutosha, na Tokyo.

Taiho, aliyenyakua ubingwa mara 32, alizaliwa 1940 katika kisiwa cha Sakhalin kwa baba Mwukraini na mama Mjapani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, mama alihamishiwa Hokkaido pamoja na watoto wake, wakaishi kwa dhiki, na kijana akaingia heya ya Nishonoseki mwaka 1956. Chiyonofuji alikuwa mtoto wa mvuvi wa mji mdogo wa Fukushima, kusini mwa Hokkaido. Hakuupenda mchezo huo. Alikuwa mkimbiaji na mrukaji mzuri shuleni, na inasimuliwa kwamba oyakata wake, bingwa wa zamani aliyezaliwa mji huo huo, alimshawishi kwa kumwahidi kumpandisha ndege mpaka Tokyo. Kwa mvulana wa kijijini mwaka 1970 ndege ilikuwa hoja nzito kuliko utukufu wowote. Kijana huyo alikuja kushinda mashindano makubwa 31.

Wengine walichukuliwa wakiwa wadogo mno. Kitanoumi, naye wa Hokkaido, alianza kushindana Januari 1967 akiwa na miaka 13. Vijana wa aina yake walihamishiwa shule za Tokyo, wakafanya mazoezi alfajiri na kwenda darasani wakiwa wamechoka. Kitanoumi alifika cheo cha juu kabisa, yokozuna, akiwa na miaka 21, na hakuna aliyekifikia akiwa mdogo kuliko yeye. Hata hivyo, kwa kila Kitanoumi walikuwapo watoto kadhaa waliorudi makwao bila cheo wala cheti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa shinikizo la wizara ya elimu, ikaamuliwa kwamba mwanagenzi lazima awe amemaliza elimu ya lazima, ambayo nchini Japani humalizika kijana akiwa na miaka 15. Ukomo wa juu ukawa miaka 23, na wenye sifa kubwa katika sumo ya ridhaa hulegezewa. Wanawake hawapokelewi kabisa.

Kwa kuwa shule za Japani hufunga mwaka mwezi Machi, mashindano ya Machi yanayofanyika Osaka ndiyo yamekuwa mlango mkuu. Wenye mchezo wao huyaita mashindano ya kutafuta ajira. Kabla yake wavulana hupimwa afya, urefu na uzito. Kwa muda mrefu kipimo kilikuwa sentimita 173 na kilo 75, na kilizaa visa vya kuchekesha na vya kusikitisha. Kilo ziliweza kupatikana kwa maji na ndizi asubuhi ya kupimwa. Sentimita hazikuwa na dawa, au hivyo ndivyo ilivyodhaniwa mpaka mwaka 1990, pale kijana wa chuo kikuu aitwaye Mainoumi, aliyekuwa amekataliwa kwa ufupi, aliporudi akiwa amepachikwa silikoni chini ya ngozi ya utosi. Alipita. Baadaye alipendwa na nchi nzima kwa ujanja wake dhidi ya majitu, akiwemo Akebono mwenye urefu wa sentimita 203, na chama kikapiga marufuku upasuaji wa namna hiyo.

Anayefaulu vipimo huanzia katika maezumo, mapambano ya wasio na cheo, yanayochezwa asubuhi ukumbi ukiwa karibu mtupu. Katikati ya mashindano wanagenzi wote hupandishwa ulingoni kutambulishwa, wakiwa wamevaa maaproni ya hariri yaliyodariziwa ambayo si yao. Wameazimwa na oyakata au kaka zao wakubwa wa heya, na wengi wao hawatavaa kitu kama hicho tena. Mashindano yanayofuata, jina la kila mmoja huandikwa katika banzuke, orodha ya vyeo inayochapishwa kabla ya kila mashindano. Majina ya waliokuja juzi huandikwa mstari wa chini kabisa, kwa herufi nyembamba mno hata baadhi ya watu huzisoma kwa kioo cha kukuzia.

Tangu 1957 wanagenzi husoma pia katika shule ya sumo iliyomo Kokugikan, kila asubuhi kwa miezi sita. Hapo hufundishwa misingi ambayo mwanamiereka haiachi mpaka astaafu: kuinua mguu juu na kukita chini, kusogea nyayo zikiburura udongo, kupiga nguzo kwa viganja, na kupasua miguu mpaka kifua kiguse ardhi. Zoezi hili la mwisho huwaliza vijana wengi wanene wiki za mwanzo. Baada ya mazoezi hukaa darasani kusoma historia ya mchezo, elimu ya mwili, kuandika kwa brashi, na nyimbo za wanamiereka.

Elimu yenyewe hasa, hata hivyo, hupatikana ndani ya heya, ambako kinachohesabiwa ni cheo. Umri, ukoo na shahada havimsaidii mtu. Wanagenzi hulala pamoja katika ukumbi mmoja mkubwa, juu ya magodoro yanayokunjwa asubuhi, nao ndio wa kwanza kuamka, saa kumi na moja alfajiri au kabla yake, wakafagia uwanja wa udongo na kuanza mazoezi tumbo likiwa tupu. Wakubwa hushuka baadaye. Mazoezi yakiisha, wakubwa hutangulia bafuni na kwenye chakula, huku wadogo wakisimama nyuma yao kuwapakulia. Zamu ya mwanagenzi inapofika, chungu cha chanko, ule mchuzi mzito wa kuku au samaki, mboga na jibini ya soya, mara nyingi kimebaki supu na masalia. Kisha huosha vyombo, hufua, na hatimaye hulala mchana kama wenzake, kwa sababu kulala baada ya kushiba ni sehemu ya kazi.

Mavazi nayo hutangaza cheo. Mwanagenzi huvaa yukata, vazi jepesi la pamba, na mitalawanda miguuni, hata theluji ikianguka. Akifika sandanme, daraja la tatu kutoka chini baada ya jonokuchi na jonidan, huruhusiwa kuvaa ndara na koti la Kijapani. Akifika makushita, daraja la nne, anaweza kujifunga shali wakati wa baridi. Winda la mazoezi huwa jeusi kwa wote mpaka mtu afikie juryo, daraja la tano, anapopewa jeupe. Kutoka hapo mambo yote hubadilika. Hupata chumba chake, hupata vijana wa kumtumikia, na hupata mshahara. Nafasi ni 70 tu, 28 za juryo na 42 za makuuchi, daraja la juu, na wanamiereka walio wengi huacha mchezo bila kuzigusa. Kwa viwango vya mwaka 2019, wa juryo hulipwa yeni 1,100,000 kwa mwezi, ilhali wa jonokuchi hupewa posho ya yeni 77,000 kwa kila mashindano, ambayo huja mara sita kwa mwaka. Malazi na chakula havilipiwi, na chama hupeleka kwa kila heya fedha za malezi kulingana na idadi ya vijana wake. Kwa hiyo oyakata ana sababu ya kumbembeleza mvulana asiyefaa abaki, na baadhi hubaki mpaka miaka ya thelathini wakiwa wapishi hodari wa chanko.

Hata damu ya oyakata hailegezewi, angalau hadharani. Machi 1988 ndugu wawili, waliokuja kujulikana kwa majina ya Wakanohana na Takanohana, waliingia katika heya ya baba yao mzazi. Walibeba matandiko yao kutoka makazi ya familia wakayashusha katika ukumbi wa wanagenzi, na kuanzia siku hiyo hawakuruhusiwa kumwita baba wala mama bali oyakata na okamisan, yaani mke wa oyakata, kama walivyoitwa na vijana wengine wote. Ndugu hao wote wawili wakawa yokozuna. Umaarufu wao ulileta mafuriko. Machi 1992 wavulana 160 walijiunga kwa mkupuo mmoja, na Mei 1994 wanamiereka walifikia 943, idadi ambayo haijapata kufikiwa tena.

Ukali wa heya ulikuwa na upande ambao wengi waliujua na wachache waliusema. Kuchapwa kwa fimbo ya mianzi kulihesabiwa kuwa malezi, na anayechoka alitoroka usiku. Juni 2007 kijana wa miaka 17 wa heya ya Tokitsukaze, aliyekuwa amejaribu kuondoka, alifariki baada ya kupigwa na oyakata wake na wanamiereka wakubwa. Oyakata alifukuzwa, na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo. Chama kilizuia fimbo mazoezini, na mwaka 2018, baada ya yokozuna mmoja kumjeruhi mwenzake, kikatoa tamko la kuachana na ukatili. Mashindano ya Julai 2007 hayakupata mwombaji hata mmoja, jambo lililokuwa halijatokea kabla. Si haki kusema kifo kile ndicho kilichowafukuza, kwa kuwa ukweli wake haukuwa umejulikana bado. Vijana walikuwa wamekwisha kupungua. Watoto wenyewe walizaliwa wachache, besiboli na mpira wa miguu vililipa bila kuwanyima usingizi, na wali haukuwa tena kishawishi kwa mtu yeyote.

Pengo lilizibwa na wageni. Takamiyama alifika kutoka Hawaii mwaka 1964, akavumilia baridi na lugha asiyoijua, na Julai 1972 akawa mgeni wa kwanza kutwaa kombe la mfalme. Akebono, naye wa Hawaii, aliyeanza Machi 1988 pamoja na wale ndugu wawili, akawa yokozuna wa kwanza wa kigeni mwaka 1993. Kutoka Mongolia walikuja sita mwaka 1992, wote katika heya ya Oshima. Baada ya miezi michache watano walikimbilia ubalozi wa nchi yao. Mmoja, Kyokutenho, alirudi mpaka kwao, na oyakata akamfuata huko kumsihi. Alirejea, na mwaka 2012, akiwa na miaka 37, alishinda ubingwa wake wa kwanza na wa pekee. Hakuho alikuja mwaka 2000 akiwa na miaka 15 na kilo 62, mtoto wa bingwa wa miereka wa Mongolia aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya 1968. Hakuna heya iliyomtaka mpaka mkesha wa kurudi kwao, Miyagino ilipokubali kumchukua. Alistaafu 2021 akiwa na ubingwa 45, rekodi ya mchezo mzima.

Wajapani walifurahia mapambano ya wageni hao, na papo hapo wakaingiwa na wasiwasi. Tangu 2002 kila heya inaruhusiwa mgeni mmoja tu, na mwaka 2010 hesabu hiyo ikajumuisha hata waliochukua uraia wa Japani, ili kuziba njia ya kumbadilisha mtu pasipoti na kuleta mwingine. Katika nafasi hizo adimu aliingia Osunaarashi, Mmisri, mtu wa kwanza kutoka Afrika kufika makuuchi, mwaka 2013. Alikuwa Mwislamu, na katika mashindano ya Julai mwaka huo, yake ya kwanza katika juryo, alipigana huku amefunga Ramadhani.

Mlango mwingine ni wa vyuo vikuu. Bingwa wa sumo ya ridhaa huweza kuruka daraja za chini na kuanzia makushita au sandanme. Wajima alipita hapo mwaka 1970 na kuwa yokozuna 1973, na kwa zaidi ya nusu karne alibaki kuwa mhitimu pekee wa chuo aliyefika cheo hicho. Aliyemfuata ni Onosato, aliyeanza Mei 2023 na kuwa yokozuna mwaka 2025 baada ya mashindano 13, haraka kuliko yeyote. Mtu kama huyo huingia heya akiwa na miaka 22 au 23, mwili umejaa na ufundi umekamilika, na ndani ya miezi michache hutumikiwa na vijana waliomtangulia kwa miaka kumi.

Kwa wavulana wa kawaida masharti yamezidi kulegea. Mwaka 2001 waliopungukiwa na kipimo, ilimradi wafikie sentimita 167 na kilo 67, waliruhusiwa kujaribiwa mbio, nguvu na wepesi, na mwaka 2012 kipimo hicho kidogo kikawa cha wote. Mwaka 2023 walioingia hawakufika 60 kwa mwaka mzima. Kuanzia 2024 ufupi na wembamba havimzuii tena mtu. Asiyefikia kipimo hupimwa nguvu za mgongo na za mkono, na akitosha hupokewa. Masharti yaliyobaki ni umri, afya, ridhaa ya wazazi kwa aliye mdogo, na oyakata aliye tayari kumchukua.